Usimjengee farasi nyumba

SWALI: Assalaam alaykum mhandisi. Mimi niko Jambiani, nina kiwanja cha uwanda, yaani ardhi ya jiwe la matumbawe, kama hatua mia tatu kutoka pwani. Nanunua farasi wanne kutoka bara, watafika mwanzoni mwa Disemba, nia yangu ni kuwapandisha wageni ufukweni asubuhi na jioni. Fundi amenipa hesabu ya banda la matofali ya inchi 5 mpaka juu, bati la kawaida, na sakafu ya vigae ili iwe rahisi kuosha. Ami yangu anasema napoteza pesa bure: nisimamishe boriti, niezeke makuti, farasi walale kwenye mchanga kama wanavyolala punda wetu. Nimsikilize nani?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, ndugu yangu. Ami yako yuko karibu zaidi na ukweli kuliko fundi, ingawa wote wawili wangekutia hasarani. Fundi anamjengea farasi nyumba ya kupangisha: ukuta mpaka kwenye bati, dirisha moja, mlango, vigae. Ami anamjengea punda. Na farasi si mpangaji, wala si punda.

Picha za mabanda unazoziona mtandaoni, zile za kuta nene na milango iliyofungwa, nyingi zimetoka kwenye nchi ambazo baridi inaua. Jambiani hakuna baridi ya kumzuilia mnyama mwenye kilo 400 au 500. Kinachomsumbua hapa ni joto lisilopata pa kutokea, harufu kali ya mkojo inayomchoma mapafu, unyevu unaomwozesha kwato, na chumvi ambayo haimgusi yeye bali inakula kila kinachomzunguka. Kwa hiyo ukinipa mfuko wako niugawe mimi, sehemu kubwa naitia kwenye paa, inayofuata kwenye sakafu, kisha kwenye bawaba, makomeo na misumari. Ukuta nauweka mwisho, na nitaujenga kwa kile ulichonacho kiwanjani tayari.

Kabla hata hujanunua mfuko mmoja wa saruji, lipange banda upande mrefu ulale mashariki-magharibi, uso wake uangalie kaskazini na mgongo kusini. Kwetu hili ni bahati tupu. Jua la asubuhi na la alasiri linapiga ubavu mfupi, na pepo zetu mbili zote zinapita ndani: kusi inaingia kwa nyuma, kaskazi kwa mbele. Weka vyumba vinne kwa mstari mmoja, kila kimoja futi 12 kwa 12, na cha tano cha kuwekea chakula na matandiko. Hapo una banda la futi 60. Usikubali futi 10 kwa 10 kwa sababu tu chumba cha kulala cha fundi ni hivyo. Farasi akilala akajipindua kwenye chumba kidogo miguu inakwama ukutani, na hawezi kujinyanyua peke yake.

Sasa paa. Sina ugomvi na makuti. Makuti ya viungo yakiezekwa kwa mwinamo mkali, nyuzi 45 hivi, ndani panakaa baridi adhuhuri kuliko chini ya bati lolote, na mvua ikinyesha hakuna kelele za kumtia farasi wazimu. Najua yanataka kuezekwa upya kila baada ya miaka kadhaa. Najua panya na nge wanayapenda, na najua farasi akifikia upenuni atayavuta moja moja usiku kucha kwa kukosa kazi. Yote hayo nayavumilia. Nisichokivumilia ni moto. Wewe mtu wa Jambiani sina haja ya kukuhadithia. Bila shaka umekwenda Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, ukaona kibanda cha makuti kinavyoshika. Pale aliyemo ndani anatoka mbio na watu wanashangilia. Farasi hatoki. Akiingiwa na khofu hukimbilia mahali anapopajua, na mahali anapopajua ni kile kile chumba kinachoungua. Kuna farasi waliookolewa nje wakarudi wenyewe ndani ya moto. Ukiwa na wageni wanaovuta sigara, taa za umeme, na shehena ya nyasi kavu chumba cha tano, makuti yanakuwa deni ambalo siku moja litadaiwa lote kwa mkupuo.

Na tafadhali usiige ule mtindo wa mahoteli wa kuezeka bati kisha kulifunika kwa makuti ili lipendeze. Makuti yanashika maji na chumvi na kuyalaza juu ya bati mchana na usiku. Bati linaoza kutoka juu usilione, na hatari ya moto iko pale pale. Umelipia paa mbili umepata nusu ya moja.

Mimi ningekwenda kwenye bati la alumini, nene, lililoachwa na weupe wake au lenye rangi nyeupe. Bati la kawaida la zinki ndilo fundi amelitia kwenye hesabu, na geji 30 au 32 ndiyo inayouzwa kwa wingi kwa sababu ni rahisi. (Kumbuka hesabu ya geji inakwenda kinyume: nambari ikiwa ndogo, bati ni nene.) Hatua mia tatu kutoka pwani, upande unaopigwa na kusi uso kwa uso, bati hilo linaanza kutu kwenye matundu ya misumari na kwenye kingo zilizokatwa. Kama huamini, siku ya kusi kali pitisha kidole kwenye kioo cha gari lililolala nje, kisha kionje. Ikiwa fedha ya alumini haitoshi, basi nunua la rangi, geji 28, na kila ukingo uliokatwa upakwe rangi kabla halijapanda juu.

Alumini ina maadui wawili ambao fundi asiyeizoea hatakutajia. Wa kwanza ni shaba iliyomo kwenye dawa ya mbao. Zile mbao za msonobari zinazotoka bara, zenye rangi ya kijani kibichi, zimetiwa dawa yenye shaba, na alumini ikizigusa huku kuna unyevu wa chumvi inatoboka kama imetafunwa. Kata vipande vya karatasi ya lami au plastiki nene uvitandike juu ya papi, zile mbao zinazopokea bati, kabla ya kulaza bati. Adui wa pili ni saruji na chokaa mbichi, kwa hiyo plasta imalizike kabla ya paa, au bati likae mbali na ukuta. Misumari yake iwe ya alumini au skrubu za chuma kisichoshika kutu, zenye ringi ya mpira.

Joto la bati huliondoi kwa kuchagua bati tu, unaliondoa kwa urefu. Upenu usiwe chini ya futi 10 kutoka sakafuni, na mgongoni juu acha mwanya wa inchi 6 hadi 9 urefu wote wa banda, ufunikwe na kofia iliyonyanyuliwa ili mvua isiingie. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu, ya baridi inavutwa chini. Hii ni feni isiyolipiwa umeme. Mbele paa litoke futi 6 na nyuma futi 3, ili mvua ya masika inayokuja kwa ubavu isifike kwenye malalo.

Paa la namna hiyo lina ukubwa wa mita za mraba 117 hivi, na hapa kuna jambo ambalo ami yako hakulihesabu. Mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya kawaida tu ya masika, inakuletea kwenye paa hilo zaidi ya lita 2,000. Farasi mmoja anayefanya kazi kwenye joto anaweza kunywa lita 50 kwa siku, hivyo wanne ni lita 200. Mvua moja ni maji ya siku kumi! Kwenye uwanda, ambako visima vingi vya karibu na bahari vina ladha ya chumvi, mfereji wa upenuni na tangi vinalipa haraka. Kwenye makuti utapata maji ya rangi ya chai yenye uchafu.

Kwa kenchi, tafuta mnazi mzee ulioacha kuzaa. Watu wanaudharau kwa sababu wameona ubao uliokatwa katikati ya gogo, ambao ni laini kama sponji. Nyama ya nje ya mnazi mzee, ile nyeusi nyeusi, ni ngumu mpaka inamaliza meno ya msumeno. Mwambie mpasuaji huitaki ya kati. Mvinje nao ni mzuri kwa makombamoyo, ile miti inayoshuka kutoka mgongo wa paa mpaka upenuni, mradi usiguse ardhi, kwani mchwa wanaupenda.

Boriti za mikoko anazozitaja ami zina sifa zake na sizikani; Mji Mkongwe umesimama juu ya boriti. Lakini hebu kumbuka vyumba vya kule vilivyo vyembamba na virefu. Ule wembamba haukuwa mapenzi ya mjenzi. Boriti ilikuwa inafika mita 3 au pungufu, basi chumba kikafuata boriti. Chumba chako cha farasi ni mita 3.6, boriti haivuki bila nguzo katikati, na nguzo katikati ya chumba cha farasi ni mwaliko wa kuvunjika mguu. Isitoshe mikoko haikatwi bila kibali, na pwani yako inaihitaji ikiwa wima.

Sakafu. Hapa ndipo nilipokasirika kidogo na fundi wako. Vigae! Niliwahi kuitwa kwenye banda moja huku Unguja ambalo mwenyewe alitia vigae vya marumaru vinavyong'aa, akajivunia. Farasi akikojoa, sakafu inakuwa kama imepakwa sabuni. Jike mmoja aliteleza akifunua miguu ya nyuma, akachanika misuli ya paja, na hakupandwa tena mwaka ule. Vigae viling'olewa kwa patasi. Usifike huko.

Mchanga wa ami ni mwema kwa punda anayelala nje na kula nyasi za kutembea. Farasi wa bandani anakula chakula chini, anaokota nyasi na mchanga pamoja, na ule mchanga unashuka tumboni unajikusanya. Matokeo yake ni msokoto wa tumbo, na farasi hawezi kutapika. Huo ni ugonjwa unaoweza kuua kwa siku moja. Ukiongeza kwamba mchanga wa pwani una chumvi, na kwamba kuuchimba ufukweni ni kosa, sioni sababu ya kuendelea nao.

Kuna watu wanaopenda sakafu ya kifusi cha mawe kilichoshindiliwa, bila zege, kwa hoja kwamba mkojo unazama wenyewe. Kwenye ardhi ya kinongo, yenye udongo mwekundu wa kina, ningejadiliana nao. Kwenye uwanda, hapana. Jiwe letu limejaa matundu na mapango. Kinachozama leo chini ya farasi kinaweza kufika kisimani kwako, au kwa jirani, bila kuchujwa na chochote. Kwa hiyo shindilia kifusi inchi 6, tandika nailoni nene, kisha mwaga zege la inchi 4 kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Vyumba vinne vinachukua kama mita za ujazo 5 na theluthi, yaani mifuko 34 hivi ya kilo 50. Mchanga uwe wa shimoni wenye kibali na maji yawe matamu. Usipige niru, ule uso laini wa saruji tupu. Zege likianza kukaza lipitishe fagio gumu ili libaki na mikwaruzo, na mikwaruzo ielekee kule maji yanakokwenda. Mteremko wa inchi 2 mpaka 3 kutoka mlangoni kwenda nyuma unatosha. Ukizidi, farasi anasimama siku nzima kama yuko mlimani na mishipa ya miguu inachoka. Nyuma ya ukuta, nje, pitisha mfereji wazi unaofagilika. Mfereji wa kufunikwa ndani ya chumba unaziba, unanuka, na kifuniko chake siku moja kitameza kwato.

Zege peke yake ni gumu kwa viungo vya mnyama. Juu yake weka mikeka ya mpira ya unene wa milimita 17 au zaidi, ile mizito inayolala yenyewe bila kupigwa misumari. Ni ghali, najua. Lakini inapunguza malalo unayotumia kwa zaidi ya unavyodhani, kwa sababu kazi ya malalo inabaki kunyonya mkojo tu. Kwa malalo chukua maranda ya mbao kutoka kwa maseremala, yaliyo makavu na yasiyo na vumbi. Uliza ni ya mti gani, na ukatae yanayotoka kwenye mbao zilizotiwa dawa. Watu watakwambia utumie usumba kwa kuwa ni mwingi. Uliofukiwa pwani umejaa chumvi, mimi nauacha kwa wasokota kamba.

Sasa ukuta, ambao niliuweka mwisho makusudi. Tofali la inchi 5 linalobeba bati la nyumba halikutengenezwa kupokea teke. Nimeona tofali la mashimo likipasuka kwa teke moja, mguu ukaingia, na kuutoa ndiko kulikoleta jeraha kubwa kuliko teke lenyewe. Wakati huo huo, wewe utachimba msingi na shimo la samadi kwenye uwanda, na utatoa mawe mpaka ukose pa kuyaweka. Hayo ndiyo ukuta wako. Jenga kwa mawe hayo ukuta wa unene wa inchi 16, kimo cha futi 4 na nusu tu, udongo wake wa kujengea uwe saruji moja, chokaa moja, mchanga sita. Hakuna teke litakalousogeza. Nazungumzia mawe ya kuchimba nchi kavu, si matumbawe hai ya baharini, ambayo hayaruhusiwi na wala hayafai, kwa vile yamejaa chumvi mpaka ndani.

Kwa nini chokaa wakati saruji ipo? Jiwe la namna hii linavuta unyevu na kuutoa. Ukilifunga kwa plasta ya saruji tupu, unyevu unakosa mlango, chumvi inajikusanya nyuma ya plasta inageuka chembe, na chembe zinaisukuma plasta mpaka inavimba na kudondoka vipande. Tembea Mji Mkongwe uangalie nyumba zilizotengenezwa upya kwa saruji, utaona ukuta unavyomwagika chini, halafu karibu yake ukuta wa chokaa wa enzi za wazee umetulia. Plasta yako iwe ya mchanganyiko ule ule wa moja, moja, sita, na kila kona iviringwe kwa mkono, kwa sababu jiwe la uwanda lina meno na farasi anapenda kujisugua. Kisha paka chokaa nyeupe kila mwaka. Inaakisi mwanga, inapunguza wadudu, na ni rahisi. Lakini wale wanaotia chumvi kwenye chokaa ili ishike, wewe usifanye. Farasi watalamba ukuta mpaka ufike kwenye jiwe.

Juu ya futi 4 na nusu usijenge tena kwa mawe. Baina ya chumba na chumba endelea kwa mbao za mnazi au mabomba mpaka futi 7, zikiachiana inchi 2 au 3, nafasi ambayo kwato haiwezi kupenya. Farasi ni mnyama wa kundi, akimwona mwenzake anatulia. Akifungiwa peke yake kati ya kuta nne anaanza kutafuna milango na kuyumba huku na huku mpaka anakonda. Nyuma, upande wa kusi, acha wazi, ila uwe na turubai la kushusha siku za mvua ya upepo.

Na kwa kuwa atatafuna, angalia unachompa. Mbao zenye dawa ya kijani zikae juu kwenye paa tu, meno yasikozifikia. Oili chafu, ambayo mafundi wetu wanaipaka kila mti ili kuzuia mchwa, isiingie ndani ya banda kabisa. Ni sumu, na harufu yake haiishi. Ukingo wa mlango na wa mbao za mbele upigwe kona ya alumini, kwani hapo ndipo meno yanapoanzia. Mfenesi ni mti mzuri wa milango, mkongo ni bora zaidi ukiupata kwa bei ya kusema ukweli. Ukishamaliza, usipande mioleanda ya kupamba mlangoni, hata kama mgeni wako ataisifu: majani machache yake yanatosha kuua farasi. Na mparachichi usiwe mti wa kivuli chao.

Kuhusu vyuma nitajishitaki mwenyewe. Banda langu la kwanza la farasi, upande huo huo wa mashariki, nilitumia bawaba za chuma cha kawaida nikazipaka rangi tabaka tatu, nikajiona hodari. Masika mbili tu. Asubuhi moja mlango uliangukia ndani, namshukuru Mungu farasi alikuwa keshatoka. Rangi ilikuwa nzima kwa nje, chuma kimeisha ndani yake. Tangu siku hiyo natumia bawaba za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, lile la vyombo vya baharini, au za shaba nyeupe, na dukani nachukua sumaku mfukoni. Ikinata kwa nguvu kwenye kitu nilichoambiwa ni cha 316, nakirudisha. Boliti zipite mlango mzima na kufungwa nati upande wa pili, usitegemee skrubu fupi. Mlango uwe na upana wa futi 4 na kimo cha futi 8, wa vipande viwili, cha chini kikiwa na komeo mbili: ya juu farasi ataifungua kwa midomo siku ya tatu, ndiyo maana ya chini ipo. Na ufunguke kwa nje. Milango ya kuteleza kwenye reli naipenda kwenye picha, lakini mchanga wetu na chumvi vinaikaba.

Nondo zilizomo kwenye linta na nguzo zizame ndani ya zege inchi 2 kamili kutoka usoni. Fundi atakwambia inchi moja yatosha. Nondo ikishika kutu inavimba, na ikivimba inapasua zege; umeona mabaraza mangapi ya pwani yenye mistari ya kahawia chini yake?

Limebaki jambo la wadudu, na hili halina uhusiano na urembo. Wazee wa upande wa Jozani wanakumbuka mbung'o. Kisiwa cha Unguja kilisafishwa kwa kumwaga kutoka angani madume yaliyofanywa tasa, kuanzia 1994 mpaka 1997, na toka hapo nagana, maradhi ya mifugo yanayoenezwa na mbung'o, haikunyimi usingizi. Lakini usubi wapo, na usubi ndio wanaobeba maradhi makubwa ya farasi ya Afrika. Wanatoka magharibi mpaka alfajiri. Chandarua cha madirisha cha kawaida wanapenya. Kinachowazuia ni kile cha matundu madogo sana, ambacho nacho kinazuia upepo. Mimi ningeanza na feni moja kubwa kila vyumba viwili, maana usubi ni dhaifu wa kuruka, upepo unawashinda. Nyaya zipite ndani ya mabomba ya plastiki juu, mbali na meno. Chanjo zungumza na daktari wa mifugo kabla farasi hawajavuka bahari. Na hapa namrudia ami kwa heshima zote: punda wake wasilale banda moja na farasi hawa. Punda anaweza kubeba maradhi hayo bila hata kukohoa.

Shimo la samadi lijengwe na lipigwe zege chini na pembeni, liwe na paa, na liwe mbali na kisima, upande ambao kusi haikurudishii harufu. Farasi wanne watakupa kilo 80 au 90 kwa siku, mavi na mkojo. Wakulima wa mboga wakishajua, hutakuwa na kazi ya kuibeba samadi.

Umeandika kwamba farasi wanafika mwanzoni mwa Disemba. Basi anza na msingi na zege sasa hivi, kabla vuli haijatushika, na ulimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Liache limalize siku 28 kabla kwato haijalikanyaga. Plasta ya chokaa nayo haipendi haraka, ikauke polepole kivulini, ukiifunika magunia mabichi siku za jua kali. Milango ndiyo kitu cha mwisho kufungwa. Siku utakayoifunga, panga iwe farasi wakiwa bado bara, kisha simama ndani ya kila chumba, jifungie, na ujaribu kukifungua kwa kidevu.